Mkaja wa Mwanakheri

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, milango yao na majirani wa kugombana nao kama sisi, palikuwa na Digidigi na mkewe, Mwanakheri. Digidigi mnamjua: miguu kama vijiti vya mshikaki, macho makubwa, pua haitulii. Na mfupi! Akienda dukani, muuza duka anasikia sauti tu, mtu haonekani. Lakini akili alikuwa nayo, na mkewe alimpenda mpaka majirani wakawa wanawasema.

Msimu huo Mwanakheri alijifungua mtoto wa kike. Kitoto chenyewe kidogo kama ngumi, lakini sauti sasa! Nyeee! Nyeee! Kutwa kucha. Kililia kwa sababu maziwa hayatoki. Mkunga akamkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga mkaja, ile nguo ndefu ya kumkaza mwanamke kiunoni akishazaa, kisha akamwita Digidigi uani.

"Baba mtoto, mkeo hana nguvu. Anataka uji wa pilipili manga, na uji wenyewe utiwe asali. Asali ya kutosha siku arobaini. Asipoipata, maziwa hayaji. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

"Basi usinitumbulie macho. Kaitafute!"

Digidigi akaingia ndani, akamtazama mtoto, akamtazama mama yake. Nyumba haikuwa na asali hata ya kulamba. Roho ikamuuma sana.

Asali ilikuwa mbali, Mwambani, nyuma ya kilima kinachoitwa Katapumzi. Mara moja kwa mwaka wawindaji walikwenda kuiwinda. Ndiyo, waliwinda asali! Wewe uliye mlangoni unacheka nini? Ulidhani wawinde nyama? Nyama ya nani, na wote ni nyama? Haya, tulia.

Mkuu wa msafara alikuwa Nyati, na mtu wake wa karibu alikuwa Fisi. Nyati ndiye aliyetunga sheria ya njiani, maana alijua ana nguvu. Sheria yenyewe ilikuwa hivi: asali ni ya aliyeibeba mgongoni mpaka Jiwe la Mpaka. Ukitua mzigo kabla ya jiwe, si wako tena. Ni wa wale ambao bado wamesimama na mizigo yao. Ila wote waliosimama wakikubaliana kutua pamoja, basi wanapumzika na hapotezi mtu.

Mwaka wa nyuma Nyati na Fisi walimwazima Digidigi shanta kuukuu la Nyati. Kubwa hilo! Ukilitazama kwa nyuma unaona kwato tu zinatembea. Hakufika hata nusu ya kilima, puu! Nyati na Fisi wakakonyezana, wakachukua asali yake, halafu wakakubaliana kutua, wakajilaza kivulini wakicheka. Digidigi akarudi nyumbani na shanta tupu. Mwanakheri hakumwuliza kitu, alimtilia tu maji ya kuoga. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mwaka huu sibebi shanta la kuazima," akasema. Akaenda kwa Bi Kobe.

Bi Kobe alikuwa fundi wa mashanta. Na nani tena angekuwa fundi, kama si yeye aliyezaliwa na mzigo mgongoni?

"Hodi, Bi Kobe! Shikamoo."

"Marahaba. Geuka."

"Nilikuwa nataka..."

"Nimesema geuka. Nikupime nini, pua?"

Digidigi akageuka. Bi Kobe akachukua uzi, akaupima kuanzia mfupa wa shingo mpaka mfupa wa nyonga, akafunga fundo. "Shibiri moja na vidole viwili," akasema. "Wenzako wakija hapa wanataka shanta la kulingana na urefu wao wote, pembe na masikio. Masikio yanabeba nini? Mimi napima mgongo tu."

Akashusha shanta dogo la ngozi ya kahawia, halina rangi wala urembo, akaanza kulijaza mawe. Go! Go! Go!

"Mbona mawe, Bi Kobe?"

"Shanta tupu linampendeza kila mtu. Zunguka nyumba mara tatu, halafu ndiyo uniambie."

Mzunguko wa kwanza, mabega yalimlia. "Bi Kobe, nakufa!"

"Hufi. Njoo hapa." Bi Kobe akashika mkanda mpana ulioshonewa chini ya shanta, akamfunga nao kwenye nyonga, akaukaza, kisha akailegeza kidogo mikanda ya mabegani. "Haya, nenda."

Digidigi akapiga hatua mbili, akasimama. "He! Umetoa mawe mangapi?"

"Sijatoa hata moja. Mabega kazi yake kushikilia shanta lisirudi nyuma. Mzigo unakaa nyongani, ndiko kwenye mifupa mizito. Na ukipakia, vizito weka juu, viguse mgongo. Ukiviweka huko nje vitakuvuta nguo njia nzima, kama mtoto anayetaka kununuliwa kitu."

Digidigi akacheka kwa furaha. Mara akasikia sauti nje. Gu, gu, gu, hatua za Nyati. Hihihi, kicheko cha Fisi.

Akawaza haraka. Fisi akiona nimelipenda, atalichukua, hata kama halimtoshi, ilimradi nilikose. Akalivua, akalibwaga sakafuni, paa!

"Silitaki!" akapiga kelele. "Bi Kobe, kwa nini unanionea? Mimi nataka lile jekundu!"

Jekundu lenyewe lilikuwa limetundikwa ukutani ili wapita njia wajue hapa ni kwa fundi. Kubwa kama kitanda, lina mashada mpaka chini na mifuko kila upande. Bi Kobe akafungua mdomo. Akamwona Digidigi anamkonyeza. Akaufunga.

"Lipi? Lile?" Fisi akarukia ndani. "Hilo langu!" Akalivuta, krap!

"Bwana Fisi, tafadhali! Nimeliona mimi kwanza!"

"Wewe umeliona, mimi nimelishika. Chukua hicho kimfuko cha kunde kilicho chini."

"Jamani, kidogo hiki! Watu watanicheka!"

"Kinakutosha. Hihihi!"

Bi Kobe naye hakutaka kubaki na deni moyoni. "Fisi, mwanangu, wewe mgongo wako umeteremka kwa nyuma. Hilo litaserereka. Njoo nikupime."

"Nipimwe? Kwani mimi naumwa?"

Nyati akachagua shanta jeusi, refu, likamfika mpaka mkiani. Akaugeuza mkanda wa kiunoni, akautazama, akaanza kucheka mpaka rafu zikatikisika.

"Fisi! Njoo uone! Bi Kobe anataka kutufunga mkaja! Kwani tumezaa?"

"Hihihi! Labda Digidigi! Kwake ndiko kuna mzazi!"

"Katika msafara wangu," Nyati akasema kwa sauti nzito, "dume halifungwi mkaja. Ikatwe yote."

Akautia pembe mkanda wake, kwaa! Fisi akaung'ata wa kwake, krap! Halafu, kabla Digidigi hajalikumbatia shanta lake, Fisi akaung'ata na wa Digidigi. Krap!

Hilo Digidigi hakulitegemea. Pua yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ikatulia.

Walipoondoka, Bi Kobe aliinama akaokota vipande. "Ngozi imeniishia, mwanangu, na nyinyi mnaondoka kesho alfajiri. Hao wataniambia wakirudi. Lakini wewe nakusikitikia."

Digidigi akarudi nyumbani polepole. Mwanakheri alikuwa amelala, mtoto kifuani, wote wamechoka kwa kulia. Mume akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia yote: uzi, mawe, mkanda, kicheko.

"Wameniweza tena, mke wangu. Bila mkanda ule nitaanguka palepale nilipoanguka mwaka jana. Na mwaka huu siko peke yangu."

Mwanakheri akamgeukia. "Baba mtoto, mkanda wenyewe ulikuwa mpana kiasi gani?"

"Kama hivi."

"Na ulifungwa wapi?"

"Hapa. Kwenye nyonga."

Mwanakheri akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Aa, usinichekeshe, nitafumuka!"

"Mimi nimekuchekesha nini?"

"Wamesema ni mkaja? Basi na uwe mkaja!" Akapeleka mkono chini ya mto, akatoa nguo ndefu nyeupe, imekunjwa vizuri. "Mkunga aliniachia miwili, mmoja nivae, mmoja ufuliwe. Chukua huu."

"Siwezi kukuvua nguo ya uzazi, Mwanakheri."

"Hujanivua. Nimekupa."

Akainuka. Tangu ajifungue hakuwa amesimama bila kushikwa, na sasa alisimama, mkono mmoja ukutani. Akaupitisha mkaja kwenye vitanzi vilivyobaki chini ya shanta, akamzungushia mumewe mara moja, mara mbili.

"Si tumboni. Ukijifunga tumboni utakosa hewa. Hapa, kwenye mfupa. Toa pumzi. Mm!" Akakaza. "Unajua, mkunga aliponifunga mimi, nilihisi kama kuna mtu amenishika kwa nyuma. Basi na wewe ukifika kule kilimani, jua ni mimi nimekushika."

Digidigi akatazama pembeni, maana machozi yalikuwa karibu.

"Nikuletee vibuyu vingapi?"

"Kimoja. Urudi nacho mzima."

Alfajiri akajitanda shuka juu ya mkaja, akaondoka na wenzake.

Huko Mwambani mambo yalikwenda upesi. Moshi ukafuka, nyuki zzzzz, Nyati akaumwa puani mpaka pua ikawa mbili, na vibuyu vikajaa. Digidigi akajipakilia viwili.

"Viwili tu?" Nyati akamwambia, akimkonyeza Fisi. "Mvivu wewe! Ongeza viwe vinne."

"Mzee Nyati, nihurumie!"

"Ongeza!"

Walishajua ataanguka wapi, basi walikuwa wanajiwekea akiba mgongoni mwake. Digidigi akalia kwa sauti, lakini mikono yake ilifanya kazi. Vibuyu vizito akaviweka juu, vikaegemea mgongo. Majani laini akayasindilia chini. Fisi yeye alijaza mifuko ya nje kwanza, kila upande, ili watu waone alivyovuna.

Wakashika njia ya kurudi. Digidigi mbele, tip, tip, tip. Nyati nyuma yake, gu, gu, gu. Fisi wa mwisho, na shanta lake jekundu sereree! likateremka mpaka matakoni. Akalirusha juu. Sereree! Akalirusha. Sereree!

Jua likapanda na kilima kikapanda. Nyati akaanza kutweta. Mikanda ilimla mabega, na shanta refu likampiga mkiani kila hatua, paa, paa.

"Digidigi! Umechoka, siyo?"

"Nimechoka sana, Mzee Nyati! Magoti yanagongana."

"Basi sema tutue, sote pamoja."

"Niseme mimi? Aa, naona haya! Watasema msafara wa Nyati umelazwa na Digidigi. Lakini nyinyi mkisema mmechoka, mimi natua hapa hapa."

Nyati akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Nyati.

"Nani amechoka?" Nyati akauliza.

"Mimi? Hata sijaanza," akasema Fisi, na ulimi umefika kifuani.

"Basi twendeni, wakubwa wangu." Tip, tip, tip.

Wakafika kwenye kona ya miiba. "Digidigi," Fisi akaita kwa sauti nyembamba, "mimi nakuhurumia wewe tu. Mzazi anakusubiri nyumbani. Huoni heri utue?"

"Ahsante, Bwana Fisi. Kwa hiyo wewe umechoka?"

"Sijasema hivyo!"

"Mzee Nyati, Bwana Fisi anasema amechoka?"

"Mwongo huyo!" Fisi akabweka. "Twende!"

Hata hatua kumi hazikutimia. Shanta likaserereka, mashada yakaingia miguuni, na Fisi akaenda mweleka, puuuu! Vibuyu vikabiringika kwenye majani. Akabaki amelala kifudifudi, shanta juu yake, mashada yamemfunika uso.

"Nimejikwaa tu," akasema humo ndani ya mashada. Lakini mzigo ulikuwa umegusa chini, na sheria ni sheria.

Wakabaki wawili. Jiwe la Mpaka likaonekana juu, jeupe. Na hapa nisiwadanganye, wanangu: Digidigi sasa alikuwa amechoka kwelikweli. Vibuyu vinne si mchezo kwa mtu wa kimo kile. Macho yakaona giza, kwato zikateleza. Kila alipotaka kupiga magoti, mkaja ulimkaza nyongani, akasikia sauti ya Mwanakheri: toa pumzi. Akatoa pumzi. Akapiga hatua moja. Akatoa pumzi. Akapiga nyingine.

"Digidigi... ndugu yangu..." Nyati akaita. Leo ni ndugu.

"Naam, Mzee Nyati."

"Wewe... bado tu... hujaanguka?"

"Naanguka sasa hivi. Nisubiri kidogo tu."

Nyati akasubiri. Akasubiri amesimama, na kusimama na mzigo wa mabegani kunaua kuliko kutembea. Mikono ikafa ganzi. Neno lilikuwa moja tu, nimechoka, lakini aliona haya kulisema. Akaanguka na mzigo wake. Tiii! Kilima kizima kikatikisika.

Digidigi hakugeuka. Tip. Tip. Tip. Alilipita jiwe, akatua mzigo upande wa pili, akakaa chini na kulia kidogo. Ndiyo, alilia. Asali ya mtoto wake ilikuwa imevuka.

Nyati na Fisi wakajikokota mpaka pale, wakiburuta mashanta yao. "Mdanganyifu!" Fisi akafoka. "Ulisema umechoka!"

"Nilichoka, na nilisema. Nyinyi mlichoka, mkanyamaza."

Nyati akaona shuka imefunguka. "Na hicho kiunoni ni nini?"

"Mkaja wa mke wangu. Ona, hapa pana alama ya dawa ya mkunga."

"Hi..." Fisi akaanza. Akamtazama Nyati, akakohoa.

Nyati akainamisha kichwa. "Sheria niliitunga mwenyewe. Asali yote ni yako."

Digidigi akafuta macho. Aliwatazama wale wakubwa, mmoja mabega yamechubuka, mwingine ana mashada masikioni, hasira ikamtoka. "Mzee Nyati, na nyumbani kwako kuna watoto. Nipeni kibuyu kimoja kimoja juu ya vinne vyangu, mnibebee mpaka mlangoni. Vingine vyenu. Lakini hamtafika mkibeba hivyo. Nyanyua mikono."

Akalichana lile shanta jekundu, akapata vitambaa viwili virefu, na kwa cha tatu akamtengenezea Fisi mfuko mfupi wa kumtosha mgongo. Akapanda juu ya kibuyu ili afike kwenye nyonga za Nyati. "Si tumboni. Kwenye mfupa. Toa pumzi. Mm!"

Nyati akainuka na mzigo. Akapiga hatua. Akasimama. "He! Digidigi, umetoa vibuyu vingapi?"

"Sijatoa hata kimoja."

Basi wakaingia kijijini hivyo, watatu kwa mstari, mikaja miwili myekundu na mmoja mweupe. Wanawake walipowaona, vigelegele! "Hongereni wazazi! Mmejifungua nini?"

Fisi alitaka kujificha nyuma ya Nyati. Lakini Nyati alisimama katikati ya njia, akafikiri, kisha akajibu kwa upole, "Tumejifungua asali." Wakacheka wote, na Bi Kobe pale mlangoni kwake akacheka mpaka akaingiza kichwa ndani.

Uji ukapikwa, pilipili manga ikatwangwa, asali ikamiminwa. Siku ya kwanza Mwanakheri alikunywa, siku ya pili akanywa, siku ya tatu nyumba ikawa kimya. Digidigi aliingia mbio akidhani kuna jambo. Akasikia: nyu, nyu, nyu. Mtoto ananyonya.

Mkaja mweupe ulikuwa umefuliwa na kukauka. Digidigi akaukunjua.

"Nifunge wewe," Mwanakheri akamwambia.

"Si tumboni," akasema, akiuzungusha taratibu asimwamshe mtoto. "Kwenye mfupa. Toa pumzi."

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Kwa hiyo, wanangu, msione haya kusema mmechoka wala kukubali kushikwa, maana walioona haya ndio walioanguka kilimani.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye mgongo aibebe.